Barua kwa mwanangu: ule mwisho wa kitabu alichoniletea mjomba wako

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni sikushika kitu, ya pili nikawa naifurahia sauti yako tu, ya tatu ndo nikasikia swali lenyewe. Unasema mmebishana kazini na yule mwenzio Mkenya, eti Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi aliyepata Nobel ya fasihi, kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, lugha ya kwao Kiswahili, sasa kwa nini vitabu vyake vyote kaviandika kwa Kiingereza, na wewe ukakosa la kumjibu ukamwambia ngoja nimuulize mama, mama kasomesha Kiswahili umri wake wote.

Nilitaka nikujibu kwa voisi lakini maneno yamekuwa mengi, nimeona bora niandike, utasoma taratibu ukishatoka zamu na ukishakula, si kwenye basi.

Kwanza nikuulize na mie. Umesoma kitabu chake hata kimoja? Sikuulizi kwa ubaya. Unalijua neno langu, mmelisikia humu ndani tangu wadogo mpaka mkawa mnalimalizia kabla sijafika mwisho, soma kwanza kisha useme. Nimewaambia nyie, nimewaambia watoto wa watu darasani, nimemwambia hata baba yenu Mungu amrehemu alipokuwa akitia saini makaratasi bila ya kuyapitia. Na leo nalirudia kwa sababu mie mwenyewe nililivunja, na nililivunja kwa kitabu cha mtu huyu huyu. Hilo ndo lililonikaa tangu nisikie voisi yako, hata kama siyo ulilouliza.

Mjomba wako unamkumbuka kwa ile picha ya koti jeusi, na ile safari moja aliyokuja ukiwa mdogo akakuletea viatu vikawa vikubwa. Yale mambo ya nyumba na ya kuondoka kwake unayajua, siyarudii. Ila umri wake na Gurnah ni mmoja. Gurnah kazaliwa Disemba 1948, Mapinduzi ya 1964 yamemkuta ana miaka 15, yuko skuli. Kaondoka hapa kama mjomba wako alivyoondoka, miaka ile ile ya sitini na saba, sitini na nane, kijana wa miaka 18, yeye na ndugu yake. Kafikia Canterbury, Uingereza, kasoma chuo pale, kafanya na kazi hospitali, hizo kazi za chini za kusukuma vitanda na kusafisha, wewe unazijua kuliko mie. Halafu kaendelea na masomo mpaka kapata udaktari wake wa falsafa chuo kikuu cha Kent 1982, katikati hapo kaenda kusomesha Kano, Nigeria, karudi Kent, na hapo ndo alipokaa akisomesha fasihi mpaka kastaafu 2017. Ukiyatazama hivi ni maisha ya mwalimu. Na mie kama mwalimu nakwambia, mtu anayesomesha mchana na kusahihisha usiku halafu akaandika riwaya moja baada ya nyengine, huyo si mtu wa kawaida.

Riwaya ya kwanza imetoka 1987, yeye ana miaka 38. Alianza kuandika ana 21 hivi, upweke na hamu ya kwao ndo vilivyomtia kalamu mkononi, amesema mwenyewe. Hesabu hapo katikati miaka mingapi mtu anaandika na hakuna anayemjua.

Lakini katika maisha yake yote, kitu kinachonichoma ni kimoja. Alipoondoka hapa hakuweza kurudi mpaka 1984. Aliporudi kamkuta baba yake yu hai bado, kamuona, na baba hakukaa sana baada ya hapo akafa. Yaani kapewa hicho kidogo. Mjomba wako hakupewa. Bibi yako alikufa 1981 na mjomba kaja hapa 1986, kafika mlangoni kasimama, hakuingia, kakaa kwenye baraza mpaka magharibi akitazama tu watu wanavyopita. Nikamwambia ingia kaka, chai tayari. Kanambia ngoja kidogo, nikiingia ndo nitajua kuwa hayupo.

Sasa kitabu. Kilikuja 1995, mwezi wa pili, Ramadhani imeshaanza. Kimeletwa mkononi na mtu aliyekuwa anakuja kusalimia kwao, kimefungwa kwenye gazeti la Kiingereza, na ndani kuna kikaratasi cha mjomba wako, maneno mawili matatu tu, kasema kisome huyu ni mtoto wa kwetu, katusema sisi, na huku wamekishindanisha kwenye ile zawadi yao kubwa ya Booker kikaingia katika vile vya mwisho. Ni kweli, kiliingia, 1994, ingawa zawadi alipewa mwengine, Mskoti, James Kelman. Kitabu chenyewe ndo Paradise.

Nilikitazama jalada. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona Kiingereza kimejaa toka juu mpaka chini, na mie wakati ule nina madaftari ya darasa mbili, futari ya watu tisa, mtoto mchanga mgongoni, na Kiingereza changu mwanangu ni cha kusomea barua ya serikali, si cha kusomea riwaya. Na kwa nini nisikwambie lote, niliona vibaya pia. Nilisema moyoni, katusema sisi kwa lugha ya nani? Mie nasomesha Shaaban Robert, nasomesha Shafi Adam Shafi, nasomesha Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, watu wamekaa na lugha yao wakaifinyanga, sasa huyu anatoka Malindi hapo anaandika Kiingereza halafu ndo niambiwe katusema sisi? Yaani swali lako hili hili, mwanangu, nililiuliza mie kabla yako kwa miaka 30, na nililiuliza sijasoma hata ukurasa wa pili. Nikakitia kwenye kasha, chini ya kanga za bibi yako.

Siku ya Idi mjomba wako kapiga simu kwa jirani, si unajua simu ilikuwa ya jirani, tukaitwa tukakimbia na mikono ina unga. Tumeamkiana, tumepeana mikono ya Idi kwa maneno, kauliza watoto, halafu sauti yake ikabadilika kidogo, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. Kanambia, "Kile kitabu umekisoma?"

Nikamwambia nimekisoma kaka, kizuri mno.

"Na mwisho wake umeuonaje?"

Nikamwambia mwisho umenifurahisha, alhamdulillah kijana wa watu mwisho kapata alichokitaka.

Nilijuaje kuwa kuna kijana? Nilisoma nyuma ya jalada. Mwisho wa kupata niliutia mwenyewe, kwa sababu hadithi nyingi ndo zinavyokwisha, na kwa sababu jirani alikuwa kasimama pale ananitazama na dakika za simu ni ghali.

Kanyamaza. Sikunyamaza mie, kanyamaza yeye. Halafu kasema, "Haya bibie. Kama umefurahi na mie nimefurahi." Tukaendelea na khabari za mabati ya paa.

Basi hakuniletea kitabu tena. Kabla ya hapo akiniletea, kila mwenye kuja alikuwa na gazeti lake au kitabu chake, mara cha mapishi mara cha historia. Baada ya Idi ile zilikuja pesa, zikaja nguo, zikaja dawa za pumu za baba yako, kitabu hakikuja hata kimoja. Na mie sikuuliza kwa nini, niliona afadhali. Gurnah kaendelea kuandika huko, kikatoka kimoja 1996, chengine 2001, chengine 2005, na nna hakika mjomba wako alivisoma vyote na akakosa wa kuzungumza naye. Kafariki Januari 2010, ule wakati Unguja nzima haina umeme, miezi mitatu ya giza, khabari nimeipata kwa simu ya mtu aliyechajia kwenye jenereta ya msikitini.

Ukaja mwaka 2021. Tarehe 7 Oktoba, Alkhamis, unakumbuka wewe ndo ulinirushia ujumbe, mama, Mzanzibari kapata Nobel. Gurnah mwenyewe wamempigia simu yuko jikoni kwake anatengeneza chai, akadhani watu wanamtania. Na hapa mjini watu hawakulala, makundi ya wasap yote moto, huyu anasema wetu, huyu anasema wa Waingereza, huyu anauliza pasi yake ya nchi gani, maana sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, Rais Samia kampongeza, Rais Mwinyi kampongeza, na katika kundi letu la walimu wastaafu watu zaidi ya mia moja wanabishana na mie nasubiri mmoja aseme kuwa kasoma. Hakuna. Siku ya pili kanipigia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu mkuu, kanambia mwalimu njoo utuzungumzie watoto khabari za Gurnah, wewe ndo tunayekutegemea kwa fasihi. Nikamwambia naumwa.

Nilipoweka simu nikaenda kwenye kasha. Kilikuwepo. Kurasa zimeshikana kwa unyevu, lile gazeti limekuwa rangi ya chai, kikaratasi cha mjomba wako kimo ndani pale pale nilipokiacha, baina ya ukurasa wa pili na wa tatu. Nilijaribu usiku ule. Nimefika ukurasa wa kumi na kitu macho yakachoka, kamusi nzito, nikalia mwanangu, si kwa kitabu.

Halafu 2022 kikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kafasiri Dakta Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili huko London, wamechapisha Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ndugu yako kanitafutia. Nimekisoma siku mbili, sikupika, dada zako watakwambia. Kiswahili kimekaa, mtu asiyejua hatojua kama kimetoka lugha nyengine, ni kama kimerudi kwao.

Na kinasema nini? Yusuf, mtoto wa miaka 12, baba yake ana hoteli inayokufa, ana deni kwa tajiri mmoja jina lake Aziz, na huyu tajiri kila akija anampa mtoto pesa mtoto anafurahi, anamwita ami. Siku moja anaambiwa unasafiri na ami yako. Anapandishwa gari la moshi anapelekwa pwani, anawekwa dukani, na huko ndo kijana mwenziwe, Khalil, anamwambia mjinga wee, huyu si ami yako, baba yako anadaiwa na wewe ndo rehani. Rehani mwanangu, kama mkufu. Halafu misafara ya biashara ya kwenda bara, wapagazi, maradhi, masultani wa huko ndani, na Wajerumani wanakaribia kidogo kidogo kama maji yanavyopanda, ni wakati ule kabla ya vita vya 1914. Nimesoma vitabu vingi vya misafara, hichi ndo cha kwanza kilichonionesha mtoto aliyekaa pembeni mwa msafara hajui anapelekwa wapi na hana wa kumuuliza.

Nikafika mwisho. Nilikuwa nimekaa barazani pale pale alipokaa mjomba wako. Jeshi la Wajerumani limepita linakamata watu, Yusuf na Khalil wamejifungia dukani, jeshi limeondoka, Yusuf anatoka anaona mbwa wanakula uchafu wa wale waliopiga kambi. Anasimama hapo. Nyuma yake anasikia kama milango inafungwa kwa makomeo, anageuka mara moja, halafu anakimbia kulifuata lile jeshi, macho yanamuwasha. Basi. Kitabu kimekwisha.

Hakupata kitu. Mama hakumuona tena, mwanamke aliyempenda hakumpata, na uhuru alioutaka umekuwa kukimbilia kwa wanaokamata watu. Na mie nilimwambia kaka yangu alhamdulillah kijana kapata alichokitaka.

Alijua, mwanangu. Alijua pale pale kwenye simu. Kijana aliyeondoka kwao na miaka 19, anamletea dada yake kitabu cha mtoto aliyetolewa kwao, anamuuliza mwisho umeuonaje, na dada yake anamdanganya. Alinyamaza hivyo kwa sababu alikuwa anachagua, anitoe aibu au anisitiri, akanisitiri. Miaka 27 nimekaa nasema kuwa mjomba wenu aliacha kuleta vitabu kwa sababu ya gharama za mizigo.

Sasa turudi kwenye swali lako, maana nakuona unasema mama hajanijibu.

Kwa nini Gurnah hakuandika Kiswahili. Kuna siku naamka nasema alikosea. Nasema mtazame Said Ahmed Mohamed, kazaliwa 1947, mwaka mmoja tu kabla yake, naye kaishi ng'ambo, kasomesha Japani, kasomesha Ujerumani, na huko huko kwenye baridi akaandika Kiswahili, riwaya, tamthilia, mashairi, na Kiswahili kikamtosha. Kwa hiyo isisemwe haiwezekani. Na mtu aliyeandika Kiswahili nani kampa Nobel? Hilo linaniuma sana, na ukimjibu yule mwenzio Mkenya lianze hilo, kuwa tunao wakubwa hapa hakuna aliyewahi kuwapigia simu jikoni kwao.

Halafu chai inapoa najijibu mwenyewe. Yule Said kaondoka mkubwa, lugha imeshamkomaa mkononi, keshachapisha vitabu. Huyu kaondoka mtoto. Kaanza kuandika akiwa peke yake Canterbury, anachosoma Kiingereza, wanaomzunguka Kiingereza, na hicho Kiswahili chake alikuwa nacho kama ulivyo nacho wewe sasa, cha nyumbani, cha kulilia. Na jengine silisemi kwa sauti ila nalisema. Yale aliyoyaandika juu ya miaka ile baada ya 1964, nani angeyachapisha hapa kwa Kiswahili mwaka 1987? Mie nilikuwepo. Sote tulikuwa tunajua na sote tulikuwa kimya. Kwa Kiingereza aliweza kuyasema, na pengine aliweza kwa sababu sisi hatutoyasoma, sijui, hilo nalifikiria usiku.

Kisha tena nageuka. Nasema lakini sie ndo wenyewe, na tumeyapata baada ya ulimwengu mzima. Mzungu wa Stockholm kamsoma kabla yangu. Halafu nakumbuka kuwa mie nilikuwa nacho ndani ya nyumba toka 1995. Kilikuwepo. Tena kimeletwa kwa mkono.

Unataka niseme alikosea au hakukosea, na ulimi uko tayari, nakwambia kweli, nna jawabu na ni kali. Lakini nimemaliza kimoja tu na vimetoka kumi na moja, cha kumi na moja kimetoka 2025, sasa nitahukumu kwa kipi? Soma kwanza kisha useme. Safari hii na mie nalifuata.

Cha pili ndo niko nacho sasa, By the Sea, cha 2001, kwa Kiingereza chenyewe, na kamusi, na ile miwani uliyonitumia. Kurasa tatu kila baada ya alfajiri, sizidishi. Nipo pale mwanzo, mzee wa Kizanzibari kafika Gatwick na pasi si ya jina lake, kajifanya hajui Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anafungua begi lake anakuta kikasha cha udi, udi wa asili ule, anakiweka pembeni anakichukua. Mwanangu, niliinuka nikaenda kunusa chetezo. Nikakumbuka na wewe siku walipokufungulia sanduku lako huko ukanipigia unalia.

Huyo Mkenya mwambie mama anasoma, atajibu akimaliza. Na wewe kitafute hichi hichi, maktaba za huko wanazo, tukisome pamoja, ukifika mbele yangu upunguze mwendo. Nikipiga simu nikikuuliza umefika wapi, nambie kweli, hata kama hujakifungua, sitosema kitu. Na mwisho wake usinambie.

Mama yako